Mpinzani Mwenye Pumzi

1

Zaituni Ntandu hakuwa na cheti cha darasa la saba. Hakuwa na kinong'onezi, kile kidude kidogo kama punje ya mtama ambacho karibu kila mtu mzima wa mji wa Magadini alipandikizwa sikioni tangu utotoni, kinachomtajia jibu la hesabu kabla hajamaliza kuuliza. Hakuwa na mume, maana wake alikwenda kufunga mitambo ya upepo nchi ya mbali, akaona hukohuko kunafaa kuoa. Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Aliyovaa ilikuwa ya dada yake, na mkono mmoja wa miwani hiyo ulifungwa kwa uzi. Hakuwa na chumba cha kusomea wala taa ya kusomea. Subira hakuwa nayo. Na unyenyekevu ndio hakuwa nao hata wa kuazima. Waliowahi kumwambia hivyo walijibiwa papo hapo, mbele za watu, na hawakurudia.

Asubuhi ya shindano alifungua genge lake la mboga kama siku zote. Alipanga nyanya na vitunguu mafungu mafungu, akachota maji kwa kiganja na kuunyunyizia mchicha, akapangusa mkono kwenye khanga. Mbele yake foleni ya ndoo ilitoka kwenye bomba la soko, ikapinda kwenye kona ya kinyozi, ikapotea nyuma ya ghala la alizeti. Watu walikuwa na haraka. Saa sita mchana maji yangekatika, kama kila siku.

Aliyeyakata hakuwa mtu wa Magadini. Ziwa lilikuwa palepale chini ya mji, pana, jeupe kando kwa chumvi, na mtambo wa kuyachuja maji yake ulijengwa kwa mikono ya wenyeji. Lakini valvu ilifunguliwa na kufungwa kutoka jijini, na mtu ambaye Magadini hakuna aliyemjua hata kwa jina.

"Wewe Zaituni!" Eliwaza alimwita kutoka kwenye foleni. Eliwaza alikuwa mama lishe, rafiki yake, na mwanafunzi mwenzake wa darasa la jioni. "Ukishindwa leo usirudi kwa njia hii. Zunguka kule makaburini."

"Nikishindwa mimi, wewe utakuwa umeshakufa kwa mshtuko. Kwa hiyo tutakutana hukohuko."

Foleni ilicheka.

"Sitanii, mwenzangu," Eliwaza alisema, akisogeza ndoo yake kwa mguu. "Nimechoka kupika chakula cha mchana alfajiri kama napikia msiba. Nataka kupika mchana kwa maji ya mchana. Nenda kanitafutie."

Zaituni alifunika mboga zake kwa gunia bichi, akamwachia jirani genge, akashuka kuelekea darasani. Hakuenda kama mtu anayeogopa. Alitembea katikati ya njia, na wenye mikokoteni ndio waliompisha.

2

Wasomaji vijana huenda hawajui jinsi mji ulivyoweza kunyimwa valvu yake mwenyewe. Chanzo chake ni ule mwaka ambao watu wa nyanda za kati wanauita Mwaka wa Namba Mbaya. Katika mji mmoja wa mbali, mtambo wa maji ulikosea kipimo cha dawa. Ulikuwepo mtambo wa pili uliowekwa kuukagua wa kwanza, nao ukasema kipimo ni sahihi, kwa sababu mitambo yote miwili ilijifunza hesabu kutoka chanzo kimoja na ilikosea pamoja. Watu wakaviuliza vinong'onezi vyao. Vinong'onezi navyo vikakubali. Watu wakanywa.

Baada ya mazishi, sheria ikabadilishwa. Mtambo wowote wa maji lazima uwe na Mhakiki, mtu hai asiye na kitu sikioni, anayeweza kuikokotoa namba kichwani upesi kama mtambo unavyoitoa, na kusema ndiyo au hapana. Mji usio na Mhakiki unaendeshewa mtambo wake na mji ulio naye. Basi Wahakiki wakaanza kutafutwa kila kona, na kumbe nchi nzima haikuwa na watu wengi waliobaki na hesabu vichwani.

Waliopatikana walitoka kwenye Chapua. Huu ulikuwa mchezo tu wa mtandaoni, wa kuwazoeza watoto kujumlisha na kuzidisha. Hesabu zinadondoka kutoka juu ya kioo, wachezaji wawili wanakimbilia jibu. Baraza la Wahakiki likauchukua mchezo huo na kuufanya mtihani.

Magadini ilikuwa na darasa la ngumbaro, darasa la jioni la watu wazima waliokosa shule, lililofundishwa na Mwalimu Msengi ndani ya ghala lililokuwa likihifadhi alizeti. Mwalimu huyo alikuwa na kishikwambi kimoja chenye ufa. Wanafunzi wake walisoma kwa kuitikia kwa sauti moja, kiasi kwamba wapita njia walijifunza nao bila kukusudia. Kati ya wote hao, ni Zaituni peke yake aliyejiandikisha kwenye ligi ya Chapua. Wengine walisema mambo ya kushindana na wageni hawayawezi. Yeye alisema anataka kuona kama wageni wanamweza.

Hivyo ndivyo alivyofika mbele ya kioo chenye ufa asubuhi hiyo, ghala likiwa limejaa hadi madirishani. Mwalimu Msengi alimsomea kiapo, naye akakirudia kwa sauti ya kusikika nje: kwamba atacheza kwa kichwa chake, bila msaada, dhidi ya mtu hai.

Kioo kiliwaka. Upande wake kiliandika ZAITUNI. Upande wa pili kiliandika MWEWE. Katikati ulisimama uzi mwekundu. Anayejibu kwanza, na sawasawa, anausukuma uzi kwa mwenzake. Anayekosea, uzi unamrudia. Uzi ukimgusa mtu, amekwisha.

Hesabu zikaanza kunyesha.

Mwewe alikuwa mwepesi. Tangu aanze ligi Zaituni hakuwahi kukutana na mtu wa namna ile. Yeye akijibu moja, Mwewe amejibu moja na kuanza ya pili. Uzi ulianza kumjia, polepole, kama maji yanayopanda ukutani. Jasho lilimtoka chini ya miwani.

Ikashuka saba mara tano.

Mwewe aliikimbilia: 42.

Ghala zima liliangua kicheko. "Huyo naye mwewe au kifaranga?" mtu alipiga kelele dirishani. "Saba mara tano!"

Uzi ulirudi nyuma kidogo. Zaituni hakucheka. Vidole vyake viliendelea, lakini ndani alihisi kitu kimemgusa begani.

Sokoni Magadini, na katika soko la Magadini peke yake, fungu la tano halina tano. Lina tano na nyongeza moja juu yake, na nyongeza hiyo haiombwi wala haitajwi. Muuzaji asiyeiweka amemtukana mteja. Muuzaji wa pale ukimwambia mafungu saba ya tano, macho yake yanaona saba za sita. Zaituni alipoanza darasa la jioni, kila alipoharakishwa alijibu hivyo: saba mara tano, arobaini na mbili. Mwalimu Msengi alihangaika naye muda mrefu kulitoa kosa hilo, na kila akidhani limetoka, haraka ililirudisha, mpaka alipomzoeza kulipima kila jibu kabla ya kuligusa.

Ikashuka tisa mara tano. Mwewe: 54.

Watu walicheka tena.

Zaituni akaanza kumtazama mwenzake badala ya hesabu. Ikapita ndefu, ya tarakimu nyingi, na Mwewe akaipata vizuri, halafu akatulia. Hakutulia kwa kufikiri, maana iliyofuata ilikuwa rahisi. Alitulia kwa muda wa mtu anayepangusa kiganja kwenye khanga, na kuendelea. Ikapita ndefu nyingine. Jibu, kisha mpanguso. Mwanzo wa ligi Zaituni alikuwa akikiazima kishikwambi cha mwalimu na kuchezea kwenye genge lake, mikono ikiwa bado na maji ya mchicha, na kila baada ya hesabu ndefu alipangusa ili kioo kisiteleze.

Mbele yake palikuwa na Zaituni. Si wa leo. Ni yule wa mwanzo, mwepesi, mwenye papara, anayeona nyongeza kila mahali.

Kengele ililia. Uzi ulikuwa karibu umguse, na kwa kanuni za Chapua anayekaribia kushindwa hupewa nafasi ya kuchagua jamii ya hesabu za kumalizia. Jamii zilijipanga kwenye kioo kama mafungu: ya mbili, ya tatu, ya tano, ya saba, ya nane.

"Tano!" Mwalimu Msengi alinong'ona nyuma yake, kisha akakumbuka sheria, akajiziba mdomo.

Hata asingesema. Kila mtu ghalani alikuwa ameona mahali ambapo Mwewe anakosea, na kidole cha Zaituni kilikuwa tayari kiko juu ya tano. Kubonyeza tu. Mwewe angeanguka kama ndizi mbivu, na maji yangekuwa ya Magadini.

Kidole kilibaki hewani. Aliujua uchungu wa kosa lile. Aliwahi kulia kwa ajili yake, nyuma ya ghala hilihili, siku ambayo darasa zima lilimcheka. Kumpiga mtu hapo kungekuwa ushindi wa mtu asiyeweza ushindi mwingine. Naye alijua kitu ambacho yule wa mwanzo alikiweza kuliko vyote, kitu alichojivunia hata usingizini: jamii ya nane.

Akabonyeza nane.

"Amechanganyikiwa!" Eliwaza alisema kwa sauti.

Zikashuka. Nane mara thelathini na nane. Nane mara sitini na nne. Nane mara tisini na tatu. Mwewe alizipokea moja baada ya nyingine bila kukosea, haraka kama mvua ya mawe, na Zaituni alizijibu haraka zaidi, bila haja ya kupima, kwa sababu kati yake na yule palikuwa na jioni zote alizokaa kwenye benchi la ghala hili wakati wenzake wamelala. Alisema majibu kwa sauti bila kujijua. Mia tatu na nne. Mia tano na kumi na mbili. Mia saba arobaini na nne. Darasa likaanza kuyarudia kama lilivyozoea kuitikia, na waliokuwa madirishani wakaitikia nao, na uzi ukageuka, ukaenda, ukaenda, ukamgusa Mwewe.

Kelele za siku hiyo mimi siwezi kuziandika. Ghala lile lina mabati, na mabati yaliimba.

3

Baraza lilikuwa limetuma msimamizi, Bi Furahini Lukindo, binti mrefu mwenye viatu vya vumbi, aliyekaa nje ya ghala muda wote kama kanuni inavyotaka. Sasa aliingia, akamsalimu Zaituni shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akatandaza karatasi juu ya meza ya mwalimu. Mambo ya Wahakiki huandikwa kwenye karatasi na kwa wino, kwa kuwa karatasi haibadilishwi na mtu aliye mbali. Kando yake aliweka ufunguo wa chuma wa chumba cha valvu.

"Hongera, mama. Weka sahihi hapa, na Magadini ina Mhakiki."

Nje ngoma ilikuwa imeshaanza. Zaituni alichukua kalamu. Akasoma kila neno, maana kusoma alikupata kwa taabu na hakupenda kukuacha bure. Akafika penye mstari usemao: *Nimeshindana na mtu hai.*

Akaiweka kalamu chini.

"Mwanangu, nikuulize. Mwewe anakaa wapi?"

"Kusini, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kusini ya nini? Yule anakaa hapa. Anauza vitunguu, tena ana mdomo mchafu. Hebu niulizie vizuri."

Bi Furahini alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akatoka nje na chombo chake cha mawasiliano. Kupitia dirishani walimwona akizungumza, akisikiliza, akizungumza tena kwa hasira, halafu akisimama tu. Aliporudi hakukaa.

"Ni kivuli," alisema.

"Kivuli ndiyo nini?" Eliwaza aliuliza.

"Kila anayecheza Chapua anaacha alama. Muda wa kila jibu, makosa yake, mapumziko yake. Mtambo unazikusanya na kuunda mchezaji anayecheza kama yeye. Vinatumika mashuleni, kwa watoto wasio na wa kucheza naye. Kwenye mtihani vimekatazwa kabisa." Alimgeukia Zaituni. "Mtambo wa kupanga wapinzani ulimtafuta mtu wa kiwango chako, mama. Haukumpata. Ukakuletea wewe mwenyewe wa zamani na kumpa jina la ndege. Naapa sikujua."

"Nakuamini."

"Asante."

"Usinishukuru. Niambie sheria inasemaje."

Bi Furahini alivuta pumzi. Alikuwa na heshima, hakutaka kudanganya, na pia hakutaka kuwanyima watu maji. "Sheria inasema shindano halipo. Mtahiniwa anaandika barua ya pingamizi kwa mkono wake, Baraza linamtafutia mpinzani mwingine. Lakini, mama, wa kiwango chako hawapo wengi. Kiangazi kinaweza kuisha hujapata." Akausogeza ufunguo karibu naye. "Na mimi kwa macho yangu naona umeshinda. Hakuna atakayeichunguza karatasi hii. Ukisaini sasa hivi, ufunguo ni wako. Nikiulizwa, mimi ndiye nitakayejibu."

"Saini," alisema Eliwaza.

"Ngoja."

"Ningoje nini? Umejishinda mwenyewe! Kuna mpinzani gani mgumu kuliko huyo? Mwalimu, kila jioni si unatuambia tushindane na nafsi zetu? Haya, mtu kashindana na nafsi yake na kaishinda, tena mbele ya umati. Mpeni ufunguo!"

Mwalimu Msengi alivua kofia yake, akaiangalia ndani kama mtu aliyeacha jibu humo. Alikuwa ameota siku hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Zaituni," alisema taratibu, "sikulazimishi. Ila ujue darasa hili hawajawahi kulitambua popote. Leo ndiyo leo."

Zaituni aliutazama ufunguo. Mtu yeyote anayesema hakuutamani anamsingizia. Aliutamani kama mtu wa jangwani. Alishaona jinsi atakavyotembea nao shingoni sokoni, na jinsi mitaa itakavyomwita Mhakiki. Na aliamini, kama Eliwaza, kwamba ushindi ulikuwa wake.

"Kule kwenye Namba Mbaya," alisema mwishowe, "mtambo ulikosea. Ukaulizwa mtambo mwenzake, ukasema sawa. Ndiyo?"

"Ndiyo," alijibu Bi Furahini.

"Leo mtambo umenipima kwa mtambo. Umesema nafaa. Labda nafaa, mimi najua nafaa. Lakini kazi mnayonipa ni ya kuwa mtu wa kusema hapana namba inapokuwa si sahihi, hata kama watu wote wana kiu. Sasa mnataka kazi yangu ya kwanza iwe kutia sahihi chini ya jambo lisilo kweli. Kesho mtambo ukinitajia kipimo kibaya, na foleni iko nje inalia, nitatoa wapi mdomo wa kukataa?"

Wakati huohuo bomba la soko lilikoroma, likapiga chafya, likakauka. Ngoma ilipungua, ikanyamaza. Ilikuwa saa sita.

4

Zaituni alitoka kuwaambia watu mwenyewe. Mwalimu Msengi alijitolea kumsemea, akamkatalia. Alipanda juu ya gunia la pumba mlangoni na kuwaeleza kila kitu bila kuzunguka: kivuli, sheria, barua, kiangazi.

Mwanzoni walidhani ni utani, maana walimjua. Kisha wakakasirika.

"Sahihi moja tu, Zaituni! Wino wenyewe haufiki tone!"

"Maringo yako yanatukausha koo!"

"Ndiyo, maringo!" alijibu. "Ninaringa. Sitaki kupewa kwa siri kitu ninachokiweza hadharani. Nanyi mnataka maji au mnataka maji mtakayokunywa bila kuogopa? Mimi ndiye nitakayekuwa nasema haya ni salama, kunyweni. Mnataka neno hilo litoke kwa mtu aliyeanza kwa uongo?"

"Tunataka kupika!" Eliwaza alipaza sauti kutoka nyuma yake.

"Utapika."

"Lini?"

"Nitakapomshinda mtu mwenye pumzi."

Bibi mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, aliyekatikiwa maji ndoo yake ikiwa tupu, alisonya kwa nguvu kiasi cha kusikika hadi kwa kinyozi. Wengine walimfuata kuondoka. Wachache walibaki. Hakuna aliyepiga makofi, na Zaituni hakutegemea.

Aliporudi ndani, Bi Furahini alikuwa amekwisha kuurudisha ufunguo mkobani na kutoa karatasi nyeupe, bahasha na kipande cha lakiri nyekundu. Kwenye karatasi, chini, palikuwa na mraba mtupu.

"Hapa ni kwa dole gumba, mama, kwa wasio..." Akaona haya kumalizia.

"Mimi naandika," alisema Zaituni.

Akavuta benchi, akakaa penye mwanga wa mlango. Aliandika kwa herufi za kusimama wima, kila moja peke yake, kama watu waliopanga foleni vizuri. Darasa zima lilimzunguka, na kama ilivyo desturi ya darasa lile, hakuna aliyeweza kukaa kimya.

"Andika 'tunaomba kwa unyenyekevu,'" alishauri Mwalimu Msengi.

"Siombi. Nadai."

"Basi andika 'kwa heshima.'"

"Heshima sawa."

"Waambie walete mtu upesi," alisema Eliwaza. Alikuwa amenuna, amefunga mikono kifuani, lakini alikuwa amesogea kuliko wote. "Usiwaandikie maneno ya kubembeleza. Waambie watu hawapiki."

Zaituni aliandika hilo pia. Alipomaliza alisimama, akarekebisha miwani, akawasomea:

*Kwa Baraza la Wahakiki. Kwa heshima. Mimi Zaituni Ntandu, mwanafunzi wa Darasa la Jioni la Magadini, leo nimecheza na kivuli cha mimi mwenyewe, nami nimekishinda. Ushindi huo naukataa kwa sababu kanuni yenu inataka mtu hai, na kanuni hiyo ni nzuri. Aliyeivunja ni mtambo wenu. Msimamizi wenu hakujua na hana kosa.*

*Magadini haina maji ya mchana. Watu hawapiki. Kwa hiyo msitafute polepole. Mkikosa mtu wa kiwango changu, leteni wawili walio chini yake, nitacheza nao mmoja baada ya mwingine. Leteni hata Mhakiki wenu mkubwa kuliko wote, mradi apumue. Aje hapahapa, akae mbele yangu kwenye benchi, milango ikiwa wazi, mji mzima ukitazama. Chai tutampa. Kushinda hatutampa.*

*Na kivuli changu kiacheni kwa watoto wa shule, ila mkifute hilo jina la ndege. Kiandikeni jina langu.*

Bi Furahini aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu mkobani.

"Hapo kwenye chai," Eliwaza alisema, "sema na maandazi. Wasije wakatuona sisi watu wa hovyo."

Zaituni akaongeza maandazi. Kisha akatia sahihi, jina zima, akiupita ule mraba wa dole gumba bila kuugusa. Eliwaza alikwenda kuchukua kaa la moto jikoni kwake, akalileta kwenye kijiko cha bati, wakaiyeyusha lakiri juu ya mdomo wa bahasha hadi ikatengeneza kidimbwi chekundu.

Sasa palihitajika muhuri, na muhuri uliokuwepo ni mmoja tu: wa mpira, wa Darasa la Jioni, ambao Mwalimu Msengi aliuchonga mwenyewe na kuutembeza mfukoni miaka yote hiyo bila ofisi yoyote kuupokea. Watu walimgeukia. Yeye alikuwa bado ameishika kofia. Alitazama mlangoni, kuelekea bomba lililokauka, akamtazama mwanafunzi wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekatwa kitu na kupewa kingine kwa wakati mmoja.

"Itachukua kiangazi, Zaituni."

"Najua, mwalimu."

"Utakuwa unatukanwa kila siku sokoni."

"Nao watakuwa wanajibiwa kila siku."

Akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri. Akautoa muhuri, akaupulizia pumzi kama alivyozoea, akaukandamiza juu ya lakiri kwa mikono miwili, akashikilia mpaka ikapoa. Alipouinua, herufi zilikuwa zimesimama wazi, kila moja.

Tarishi wa posta alikuwa mlangoni, pikipiki yake ya umeme ikivuma kidogo. Aliipokea bahasha, akaigeuza, akausoma muhuri, akamtazama Zaituni.

"Barazani moja kwa moja? Wengi hupitishia kwa mkuu wa wilaya kwanza, mama. Wanaogopa."

"Moja kwa moja," alisema Zaituni Ntandu. "Na uishike vizuri, hiyo ni barua ya Mhakiki."

Tarishi akaitia kwenye sanduku lake, akalifunga, akaondoka nayo.